Gereza la kuonyeshwa wageni

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Mwalimu, nimesoma kwamba Argentina, wakati wa utawala wa kijeshi, wanawake zaidi ya elfu moja walifungwa kwa sababu za kisiasa katika gereza moja, na wengi wao walitoka hai, tena wanashirikiana mpaka leo. Hapohapo nasoma kwamba utawala huohuo uliua maelfu. Hawa walinusurikaje? Ni imani, ni bahati, au hawakuteswa sana? Na ni kweli kwamba wanawake huvumilia jela kuliko wanaume?"

Ndugu yangu, nitaanza na bahati, kwa sababu ndiyo inayosahaulika haraka kuliko yote.

Majenerali walipopindua serikali Machi 24, 1976, walikuta njia ya kufunga watu bila kesi imeshatengenezwa. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Novemba 1974, na kifungu cha 23 cha katiba kilimpa rais uwezo wa kumshikilia mtu bila kumfikisha mahakamani. Kabla na baada ya mapinduzi, watu zaidi ya 8,000 waliwekwa ndani kwa njia hiyo. Majina yao yaliandikwa mahali fulani, kwa hiyo ndugu zao waliweza kujua wako gereza gani, hata kama hakuna aliyejua watatoka lini.

Pembeni yake jeshi likajenga mtandao wa pili usio na karatasi: mamia ya vituo vya siri ndani ya vituo vya polisi, kambi, gereji na nyumba za kawaida. Kilichojulikana zaidi ni ESMA, shule ya ufundi ya jeshi la wanamaji jijini Buenos Aires. Inakadiriwa watu 5,000 walipita pale, na waliotoka hai ni wachache mno. Tume ya uchunguzi iliyoundwa baada ya demokrasia kurudi iliorodhesha watu 8,961 waliopotezwa. Mashirika ya haki za binadamu husema 30,000. Katika orodha ya tume, wanawake walikuwa asilimia 30, na asilimia 3 ya wote walikuwa wanawake wajawazito.

Sasa, mwanamke yuleyule aliweza kupita katika mitandao yote miwili. Wengi wa waliofika gereza unalolisema, Villa Devoto, walianzia mahali pa siri, wamefungwa kitambaa machoni, wakapigwa na kuchomwa kwa umeme, na wengi wakabakwa. Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni hapana: waliteswa, tena vibaya sana, ila zaidi kabla ya kuingia humo. Kisha siku moja afisa fulani akaamua jina la huyu liandikwe, la yule lisiandikwe. Siku hiyo ndiyo iliyogawa walio hai na wafu. Aliyekamatwa mapema, mwaka 1974 au 1975, alikuwa na nafasi nzuri zaidi. Aliyekamatwa mbele ya mashahidi naye pia. Wakati mwingine ilitegemea kamanda wa eneo hilo aliamkaje.

Ndiyo maana nakuwa mgumu mtu anaponiambia kwamba wanawake wa Devoto walipona kwa sababu walikuwa imara. Kauli hiyo, hata isipokusudia, inawahukumu waliouawa ESMA kuwa walikuwa dhaifu. Tunaowasikiliza leo ni waliopona. Mbinu zao zilikuwa za maana kweli, lakini zilianza kufanya kazi baada ya uamuzi mwingine kufanywa na mtu mwingine.

Tena hata jina kuwa kwenye karatasi halikuwa kinga kamili. Katika gereza la UP1, mji wa Córdoba, mwaka 1976 wafungwa wa kisiasa 31 waliokuwa wamesajiliwa kihalali, wanawake wakiwamo, waliuawa, wengi wao wakitolewa nje kwa kisingizio kwamba walijaribu kutoroka. Jenerali Videla, kiongozi wa utawala ule, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji hayo mwaka 2010.

Kabla sijaingia Devoto nikupe tukio moja la upande wa siri, ili usidhani mshikamano ulikuwa kitu cha magereza rasmi tu. Adriana Calvo, mtaalamu wa fizikia kutoka La Plata, alitekwa Februari 1977 akiwa mjamzito. Aprili alijifungua binti kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi, macho yamefungwa na mikono imefungwa, akihamishwa kutoka kituo kimoja cha siri kwenda kingine kiitwacho Pozo de Banfield. Alipofika alilazimishwa kusafisha sakafu mwenyewe, uchi, mbele ya daktari wa polisi. Kisha akapelekwa walipokuwa wanawake wengine. Walinzi walipokuja kumchukua mtoto, wanawake wale walijipanga mbele yake kama ukuta na kupiga kelele. Walinzi wakaondoka. Mama na mtoto waliachiwa mwisho wa mwezi huo, na mwaka 1985 Adriana akawa manusura wa kwanza kutoa ushahidi katika kesi ya majenerali.

Wengi wa wanawake waliokuwa Banfield naye hawakuonekana tena. Mmoja wa waliofungwa humo wakati ule, Cristina Navajas, alikuwa mjamzito pia. Mtoto wake wa kiume alizaliwa kizuizini, akachukuliwa, na hakujua asili yake mpaka 2023, alipotambuliwa kuwa mjukuu wa 133 kupatikana kwa juhudi za Bibi wa Plaza de Mayo, shirika la bibi wanaotafuta wajukuu wao walioporwa. Bibi hao wanakadiria watoto 500 waliporwa hivyo. Kwa hiyo ule ukuta wa miili uliokoa mtoto mmoja. Haukuwaokoa wenye miili.

Turudi Devoto. Hili ni gereza kubwa la ghorofa, limekaa katikati ya makazi ya watu, ndani ya mji mkuu. Baada ya mapinduzi, utawala ulianza kuwakusanya humo wanawake wafungwa wa kisiasa kutoka mikoani. Wengi waliletwa kwa ndege za kijeshi, wamefungwa minyororo sakafuni, wakipigwa njia nzima. Jumla yao ilifika karibu 1,200. Sababu ya kuwaweka pamoja haikuwa huruma. Serikali za nje na mashirika ya kimataifa yalikuwa yakiuliza wafungwa wako wapi, na jeshi lilihitaji mahali pa kujibia: hawa hapa, wako hai, tunawalisha. Devoto ilikuwa gereza la kuonyeshwa wageni.

Hapo ndipo utawala ulipojikwaa, kwa maoni yangu. Ili wafungwa waonyeshwe lazima wawe hai, na ili wawe wengi mahali pamoja lazima waonane. Walimu, wauguzi, wafanyakazi wa viwandani, wanafunzi wa chuo, wanachama wa Montoneros, kundi la siasa lenye silaha, wa chama cha Kimarx cha PRT, na wengine wasio na chama chochote, waliokamatwa kwa kosa la kuwa wake au dada za watu, wote walifungiwa jengo moja.

Kanuni zilitungwa ili mkusanyiko huo usiwe na faida. Mazoezi ya viungo yalikatazwa. Kuimba kulikatazwa. Kazi za mikono zilikatazwa, na kupeana vitu selo kwa selo pia. Wafungwa waligawanywa makundi matatu: wasiorekebishika, wanaoweza kurekebishika, na waliokwisha kurekebishika. Ukitia saini tamko la kujutia siasa zako, ungepanda daraja na kupata nafuu. Mpango ulikuwa kila mmoja aanze kupiga hesabu yake mwenyewe.

Walichofanya wanawake ni kuhakikisha hesabu haipigwi na mtu mmoja. Waliopokea pesa kutoka nyumbani waliziingiza kwenye mfuko wa pamoja, na vitu vilivyonunuliwa duka la gereza viligawiwa kwa wote: sigara, sabuni, sukari, pamba za hedhi. Wale ambao familia zao zilikuwa fukara, au zilikuwa zimepotezwa zote, walipata sawa na wengine. Kila bweni lilikuwa na wawakilishi wake wa kuzungumza na askari. Ukiangalia haraka utasema ni ukarimu. Mimi naona ni siasa ya hali ya juu, kwa sababu adhabu ya kumnyima mtu mmoja duka au kifurushi ilikosa makali. Alichonyimwa kilimfikia kwa mlango mwingine.

Halafu kuna mawasiliano, na hapa naomba nikae kidogo.

Habari za nje ziliingia kupitia wageni. Mama aliyemtembelea binti yake alizungumza kupitia kioo, huku askari anasikiliza, kwa hiyo habari ilibidi ipite katika maneno ya kifamilia. Aliyerudi kutoka kwenye mazungumzo hayo alikuwa na wajibu wa kukumbuka kila kitu. Kisha habari iliandikwa kwa herufi ndogo sana kwenye karatasi ya kusokotea sigara, karatasi ikakunjwa mpaka ikawa kama punje, ikavishwa plastiki tabaka juu ya tabaka na kuzibwa kwa moto. Waliita pipi. Pipi ilikaa mdomoni, na upekuzi ukija ghafla ilimezwa. Kesho yake, au keshokutwa, ilipatikana tena, ikaoshwa, ikavalishwa plastiki mpya, ikaendelea na safari. Kwa njia hii uchambuzi wa siasa, taarifa za vifo, majina ya waliopotezwa na hata mashairi vilizunguka gereza zima.

Kwa mazungumzo ya papo kwa papo walitumia choo. Ukichota maji yaliyotuama chini ya shimo, bomba linakuwa tupu na sauti inapita mpaka ghorofa ya juu au ya chini. Mmoja anainamisha kichwa chooni na kuzungumza, mwingine anasimama mlangoni akisikiliza hatua za askari. Kulikuwa pia na alfabeti ya vidole iliyosomwa dirisha kwa dirisha, kugonga ukuta, na kamba zilizofumwa kwa nyuzi za taulo au blanketi zilizoteremshwa usiku zikiwa zimebeba vitu. Hizo waliziita njiwa. Mifupa iliyotoka kwenye supu ilisuguliwa kwenye sakafu ya saruji mpaka ikawa vidani. Mazoezi yalifanywa kwa zamu, na madarasa pia: historia, uchumi, lugha, kwa wengine kusoma na kuandika. Usiku aliyewahi kuona filamu nzuri aliwasimulia wenzake tukio kwa tukio, na msimulizi hodari aliweza kuirefusha kuliko filamu yenyewe.

Umeuliza kuhusu imani. Wapo waliosali, na wapo waliokuwa na uhakika kwamba mapinduzi ya umma yako karibu, jambo ambalo halikutokea. Kinachojitokeza zaidi katika kumbukumbu zao, nikizisoma, ni ratiba. Asubuhi kuna usafi, kuna darasa, kuna zamu ya kusikiliza mlangoni, kuna kuandaa pipi ya kesho. Mtu aliyetoka kuteswa wiki kadhaa bila kujua usiku wala mchana alikuta mahali ambapo saa nne kuna kitu cha kufanya na kuna mtu anayemsubiri akifanye.

Haina maana kwamba walipendana wote. Vyama vilivyokuwa vikilaumiana nje viliendelea kulaumiana ndani. Suala la kutia saini lile tamko la majuto lilizua maumivu makubwa: mwanamke mwenye mtoto mdogo nje, aliyeambiwa saini moja ingemsogeza karibu na mtoto huyo, alitazamwa vipi na wenzake akitia? Wengine walihukumiwa kwa ukali ambao, miaka mingi baadaye, waliowahukumu walikiri ulizidi kipimo. Anayekusimulia Devoto kama familia moja yenye furaha amekuachia nusu ya habari.

Watoto walikuwa sehemu ngumu kuliko zote. Wapo waliojifungua wakiwa wafungwa, wengine wakiwa wamefungwa pingu kitandani. Baada ya mapinduzi, mtoto aliruhusiwa kukaa na mama mpaka miezi sita tu. Bweni zima lilimlea mtoto huyo, lilimshonea nguo kwa siri, kisha lilishuhudia anakabidhiwa kwa bibi yake. Baadaye mama alimwona akikua nyuma ya kioo, bila kumgusa. Walinzi walijua kuutumia uchungu huo. Mwanaume mfungwa aliambiwa ni mhaini. Mwanamke aliambiwa ni mhaini na pia mama mbaya, aliyetelekeza watoto kwa ajili ya siasa.

Upekuzi wa sehemu za siri nao ulikuwa silaha. Kwa nyakati tofauti wanawake waliukataa kwa pamoja, wakijua mwisho wake ni selo ya adhabu: giza, baridi, peke yako, bila godoro mchana. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuadhibiwa kwa jambo mlilokubaliana na kuadhibiwa bila kujua kwa nini. Aliyetoka selo ya adhabu alikuta sehemu yake ya sigara imehifadhiwa.

Walio nje nao walikuwa nguzo. Kina mama walisafiri siku nzima kwa treni na mabasi kwa mazungumzo ya dakika chache. Kuanzia Aprili 30, 1977, akina mama wa waliopotezwa walianza kukusanyika Plaza de Mayo, mbele ya ikulu, nao walilipia: mwanzilishi wao Azucena Villaflor alitekwa Desemba mwaka huohuo, akapelekwa ESMA, na kutupwa baharini kutoka kwenye ndege. Mabaki yake yalitambuliwa 2005. Shirika la Msalaba Mwekundu liliingia magerezani, na Septemba 1979 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilizuru nchi. Ilipokea malalamiko 5,580 na ikaingia Devoto pia. Ziara kama hizo zililegeza kanuni kidogo kidogo, na pipi zilizotoka nje zilikuwa zimewaeleza wageni la kuuliza kabla hawajafika. Gereza la maonyesho liligeuka mahali ambapo wanaoonyeshwa nao wanaonyesha.

Swali lako la mwisho, kama wanawake huvumilia kuliko wanaume. Sikubali. Wanaume wafungwa wa kisiasa walitawanywa katika magereza mengi: Rawson kusini kabisa, Sierra Chica, Resistencia, La Plata. Wengi walitengwa kila mtu selo yake, na La Plata kulikuwa na mabweni mawili ambayo wafungwa wenyewe waliyaita ya kifo, kwa kuwa watu walitolewa humo na kuuawa. Nao waligonga kuta, nao walitumia karatasi za sigara. Ukiwakuta wamevunjika zaidi, tazama kwanza jengo na amri kabla ya kutazama jinsia. Mpe mwanamke miaka mitano ya upweke uone. Uruguay, ng'ambo ya mto, jeshi liliwatenga wanawake kadhaa kama mateka, likiwahamisha kambi hadi kambi mbali na wenzao, na walionja yaleyale waliyoonja wanaume.

Ninachokubali ni kwamba wanawake wengi waliingia na ujuzi ambao jeshi halikuuhesabu kuwa ujuzi: kushona, kugawa chakula kidogo kwa watu wengi, kumtambua mgonjwa kabla hajasema. Hawakuzaliwa nao. Walifundishwa nyumbani, na kaka zao hawakufundishwa.

Kuna neno la ziada, kwa sababu umesema "walitoka hai". Wa Devoto walianza kuachiwa kidogo kidogo, wengine wakipelekwa moja kwa moja uhamishoni, mpaka utawala ulipoondoka Desemba 1983. Wengi walikuta hawana kazi, watoto hawawajui, waume wamepotezwa. Lakini angalau walipokelewa kama wafungwa wa kisiasa. Waliotoka hai ESMA walipokelewa kwa swali: kwa nini wewe, na si wenzako? Wanawake ndio walioulizwa kwa ukali zaidi. Maafisa wa pale waliwalazimisha baadhi yao kuvaa vizuri, kujipodoa na kwenda nao mikahawani, ati ishara kwamba wamerekebika, kisha wakarudishwa kwenye minyororo. Mitaani yakazungumzwa kama mapenzi.

Sheria nayo ilichelewa. Katika kesi ya 1985 wanawake walisimama mahakamani wakaeleza kubakwa. Mahakama iliyachukua maelezo hayo kama sehemu ya mateso kwa ujumla na kuendelea. Mwaka 1987 bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa chini waliodaiwa kutii amri tu. Ukiisoma sheria hiyo utaona inataja makosa ambayo kinga hiyo haiyahusu: kuiba watoto, kupora nyumba na mashamba, na ubakaji. Yaani mlango ulikuwa wazi muda wote huo. Kesi za watoto zilipita hapo. Za ubakaji hazikupita, mpaka sheria zenyewe za kinga zilipofutwa na Mahakama Kuu kuthibitisha hivyo mwaka 2005. Hukumu ya kwanza iliyotamka ubakaji kuwa uhalifu dhidi ya binadamu katika enzi ile ilitolewa Mar del Plata mwaka 2010, dhidi ya askari mmoja wa jeshi la anga. ESMA ilisubiri hadi Agosti 2021, maafisa wawili walipohukumiwa kifungo cha miaka 24 na miaka 20 kwa kesi iliyohusu ukatili wa kingono peke yake. Wanawake walioifungua walikuwa wameshakuwa bibi.